Zenia: Masharti ya Kulifuga Tumbawe Laini Katika Tangi la Kioo

Wanafunzi wengi wa shule zetu za sekondari hujifunza habari za matumbawe kutokana na picha za vitabuni. Hata wale wakaao pwani huyafahamu zaidi kwa mawe yake yaliyokufa, yale yachomwayo tanuruni ili kupata chokaa, kuliko kwa uhai wake. Ni jambo la kustaajabisha basi kwamba katika nchi za baridi, mamia ya kilomita kutoka bahari yoyote, wako watu wa kawaida wanaofuga matumbawe hai sebuleni mwao, katika matangi ya kioo yenye maji ya chumvi waliyoyatengeneza wenyewe.

Katika makala haya tutalichunguza tumbawe moja ambalo wafugaji hao hulihesabu kuwa jepesi kukua kuliko mengine mengi. Lengo letu si kumshawishi msomaji anunue tangi, kwani gharama ya taa, pampu na umeme ni kubwa. Tunataka kuonyesha mambo mawili: kwamba masharti ya kulitunza tumbawe hili ni muhtasari wa masharti ya uhai wa mwamba mzima wa bahari, na kwamba wepesi wake wa kukua, unaomfurahisha mfugaji, ndio uliogeuka balaa mahali pengine duniani.

ZENIA NI KIUMBE GANI?

Jina la kisayansi la jenasi ya tumbawe hili ni Xenia, nasi hapa tutaliita zenia. Liliingizwa katika orodha ya sayansi na mtaalamu wa Kifaransa, Lamarck, mwaka 1816. Zenia huishi katika Bahari ya Shamu, katika Bahari ya Hindi pamoja na pwani yetu ya Afrika Mashariki, na katika sehemu ya magharibi ya Bahari ya Pasifiki.

Kama matumbawe yote, zenia ni mnyama, ingawa kwa sura hufanana na kijimti chenye maua. Kila "ua" ni polipi, yaani mnyama mdogo mwenye umbo la mrija, mdomo mmoja, na minyiri inayouzunguka mdomo huo. Polipi nyingi huota juu ya shina moja nene na laini, zikaunda koloni. Mwanafunzi akitaka kutambua kundi la tumbawe na ahesabu minyiri: zenia na matumbawe laini wenzake wana minyiri minane, na kila mnyiri una matawi madogo kama unyoya, matumbawe magumu yajengayo miamba huwa na minyiri sita au zaidi, kwa mafungu ya sita.

Tofauti ya pili ni mifupa. Tumbawe gumu hujijengea nyumba ya chokaa. Zenia haina nyumba hiyo. Mwilini mwake mna vijisahani vya chokaa vidogo mno, vionekanavyo kwa hadubini tu. Kwa sababu hiyo haitumii nguvu nyingi kujenga, na nguvu hiyo huielekeza katika kukua na kujigawa. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya wepesi wake.

MGENI NA MWENYEJI

Sababu ya pili ni ushirika. Ndani ya seli za zenia huishi mwani wa seli moja, usioonekana kwa macho matupu. Mwani huo hutumia mwanga wa jua, maji na kabonidioksaidi kutengeneza chakula chenye sukari, kwa njia ya usanisinuru kama ile ya majani ya mimea. Sehemu kubwa ya chakula hicho humwendea tumbawe. Tumbawe nalo humpa mwani makao ya salama, kabonidioksaidi itokayo katika kupumua, na mabaki yenye naitrojeni ambayo kwa mwani ni mbolea.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Neno "xenia" lenyewe, kwa Kiyunani, lina maana ya ukarimu kwa mgeni. Lakini mgeni huyu hukaa kwa masharti. Maji ya bahari yakizidi joto lake la kawaida la kiangazi kwa nyuzi moja tu ya Selsiasi, kwa muda wa wiki kadhaa, ushirika huvunjika: mwani hutoka au hufukuzwa, na tumbawe hubaki jeupe. Huku ndiko kupauka kwa matumbawe. Mwaka 1998 miamba mingi ya Kenya, Tanzania na Shelisheli ilipauka, na sehemu kubwa ya matumbawe yake ikafa.

Zenia imewasaidia wanasayansi kuuchunguza ushirika huo. Mwaka 2020 watafiti wa Taasisi ya Carnegie, katika mji wa Baltimore nchini Marekani, walitangaza katika jarida la Nature kwamba wametambua aina maalumu ya seli ambazo katika mwili wa zenia ndizo zinazoupokea mwani na kuutunza. Walilichagua tumbawe hili kwa sababu ile ile inayowavutia wafugaji: hukua upesi katika tangi, na kipande kikikatwa hupona na kuwa koloni jipya.

KWA NINI HUPWITA?

Katika aina kadhaa za zenia, polipi hufumba na kufumbua minyiri yake bila kukoma, mfano wa kiganja kinachokunjwa na kukunjuliwa. Lamarck aliliona jambo hili, lakini kwa karibu miaka 200 hapakuwa na aliyeeleza faida yake. Kupwita hutumia nguvu, na kiumbe hakitumii nguvu bure.

Jibu lilipatikana mwaka 2013, kutokana na uchunguzi uliofanywa katika Bahari ya Shamu juu ya Heteroxenia fuscescens, ndugu wa karibu wa zenia. Mchana mwani hutoa oksijeni nyingi sana. Oksijeni hiyo ikirundikana ndani ya tumbawe, huchukua nafasi ya kabonidioksaidi katika kile kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa sukari, na kazi ikazorota. Polipi zinapopwita husukuma maji juu, huondoa oksijeni iliyozidi, na huzuia maji yaliyokwisha kutumika yasirudiwe na polipi za jirani. Watafiti walikuta kwamba usanisinuru halisi wakati wa kupwita ulikuwa takriban mara kumi ya ule wa wakati wa kutulia. Kwa maneno mengine, mwenyeji humpepea mgeni wake, na mgeni humlipa kwa chakula.

KUTAYARISHA TANGI

Sasa tugeukie ufugaji. Kosa la wengi ni kudhani kwamba wanafuga tumbawe, ilhali kwa kweli wanafuga maji. Maji yakiwa sawa, tumbawe hujitunza.

Maji ya tangi hutengenezwa kwa kuyeyusha chumvi maalumu ya bahari, iliyochanganywa na madini yote yanayohitajika. Chumvi ya jikoni haifai. Maji ya bomba yana klorini, na pengine shaba kutoka katika mabomba. Shaba, hata ikiwa kidogo sana, ni sumu kwa wanyama wasio na uti wa mgongo. Kwa hiyo hutumiwa maji yaliyochujwa kabisa. Dawa za samaki zenye shaba zisitiwe kamwe katika tangi lenye matumbawe.

Tangi jipya halipokei mnyama siku ya kwanza. Uchafu wa wanyama na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Juu ya mawe yenye vitundu vingi huota bakteria wa aina mbili kuu: wa kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, wa pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa. Ndani kabisa ya mawe, mahali pasipo na oksijeni, bakteria wengine huirudisha nitrati kuwa hewa ya naitrojeni. Bakteria hawa huhitaji kwa kawaida wiki 4 hadi 6 kuenea vya kutosha. Mfugaji hupima amonia na nitriti, naye husubiri mpaka vyote viwili visionekane tena.

Mwalimu wa baiolojia atatambua hapa mzunguko wa naitrojeni ule ule anaoufundisha kwa mfano wa shamba la kunde. Fikra ya kuyaachia mawe hai kazi ya kusafisha maji ilitangazwa mapema na Lee Chin Eng wa Indonesia, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha ikaendelezwa na wafugaji wa Berlin.

CHUMVI NA UVUKIZI

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja. Hapa ndipo mwandishi wa makala haya alipopata somo ambalo hajalisahau.

Nilipokuwa nikisoma shahada ya uzamivu nchini Ujerumani, mwenye nyumba wangu, mzee aliyestaafu udereva wa treni, alikuwa na tangi la kioo lililojaa matumbawe. Mimi, niliyezaliwa kando ya mto Pangani na kuogelea baharini tangu utoto, nililitazama tumbawe likipwita kwa makini kwa mara ya kwanza katika chumba cha mzee yule, theluji ikianguka nje. Alinipa kipande kimoja cha zenia, nami nikakiweka katika tangi dogo la lita 100. Kikakua upesi. Kila maji yalipopungua niliyajaza kwa maji ya chumvi, kwani nilijiambia kuwa maji ya bahari hujazwa kwa maji ya bahari. Baada ya wiki chache polipi ziliacha kupwita, kisha koloni lote likanywea na kuyeyuka kwa muda wa siku mbili. Mzee alionja tone la maji kwa ncha ya kidole, akacheka, akaniuliza, "Bwana mwanasayansi, chumvi huruka?"

Hesabu yake ni nyepesi, na yafaa ifanywe darasani. Tuchukue gramu 35 kwa kila lita. Tangi la lita 100 lina kilo 3.5 za chumvi. Zikivukiza lita 10 za maji, chumvi hubaki yote: kilo 3.5 katika lita 90, yaani takriban gramu 38.9 kwa lita. Nikiongeza lita 10 za maji ya chumvi, naongeza kilo 0.35 zaidi, na tangi linakuwa na gramu 38.5 kwa lita. Nikirudia mara ya pili, linafika gramu 42. Maji yanayovukiza hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi. Maji ya chumvi hutumika tu pale mfugaji anapotoa maji machafu na kuweka mapya.

MWANGA, JOTO, MKONDO NA CHAKULA

Masharti mengine ya zenia yaweza kuelezwa kwa ufupi.

(a) Joto. Nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Jambo kubwa ni kutobadilika ghafla.

(b) Mwanga. Wa wastani, saa 10 hadi 12 kila siku, kwa taa zenye mwanga mweupe na buluu. Giza refu humnyima mwani kazi. Mwanga mkali wa ghafla huudhuru. Koloni jipya huwekwa chini kwanza, kisha hupandishwa pole pole.

(c) Mkondo. Maji yazunguke, lakini pampu isilipige koloni moja kwa moja. Umeme ukikatika, maji husimama na oksijeni hupungua, hasa usiku ambapo mwani nao hupumua bila kutengeneza oksijeni. Mfugaji mwangalifu huweka pampu ndogo ya hewa ya betri.

(d) Chakula. Zenia haihitaji kulishwa. Viungo vyake vya kusagia chakula vimepungua sana, nayo hutegemea mwani wake pamoja na virutubisho vilivyoyeyuka majini. Kwa hiyo maji yenye nitrati kidogo huifaa kuliko maji yaliyosafishwa kupita kiasi.

(e) Uchachu na ualkali. Kipimo cha pH kiwe kati ya 8.1 na 8.4. Madini ya kalsiamu, ambayo matumbawe magumu huyahitaji kwa wingi, zenia huyatumia kidogo.

Pamoja na wepesi huo, zenia ina tabia moja inayowasumbua hata wafugaji wazoefu: koloni lililostawi kwa miezi laweza kunywea ghafla. Mara nyingi chanzo ni mabadiliko ya haraka ya chumvi, joto au ualkali. Dalili ya kwanza huwa kupungua kwa kupwita. Aonaye dalili hiyo apime maji siku ile ile.

KUZIDISHA NA KUDHIBITI

Zenia huzidishwa kwa kukatwa. Mfugaji hukata tawi kwa mkasi mkali, akaliweka katika kikombe chenye vipande vidogo vya mawe, na kukifunika kwa wavu ili mkondo usilichukue. Gundi haishiki kwa sababu ya ute mwingi. Baada ya siku chache tawi hujishika lenyewe juu ya jiwe.

Kulizuia ndiyo kazi ngumu. Koloni huweza kutambaa kutoka jiwe hadi jiwe, likayafunika matumbawe mengine na kuyanyima mwanga. Kwa hiyo hupandwa juu ya jiwe lililosimama peke yake mchangani, kama kisiwa. Na tufanye hesabu ya kubuni tu: koloni moja likiwa mawili kila mwezi, baada ya mwaka mmoja yatakuwa 4,096. Hakuna tangi litakaloyatosha. Hapo mfugaji asiyefikiri hushikwa na wazo la kumwaga ziada baharini.

HATARI YA WEPESI

Jambo hilo si la kubuni. Katika pwani ya Venezuela, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mochima, lilionekana tumbawe laini la jamaa ya zenia ambalo si la Bahari ya Karibi. Habari zake zilichapishwa na wanasayansi mwaka 2014, na mwaka 2021 likatambuliwa kuwa Unomia stolonifera, lenye asili ya Bahari ya Hindi na Pasifiki. Inaaminika kuwa lilifikishwa huko kwa njia ya biashara ya viumbe wa matangi. Limefunika miamba na majani ya bahari, na kuyaua matumbawe magumu yaliyokuwa makao ya samaki. Mwaka 2020 tumbawe hilo hilo lilionekana katika bandari ya Pearl Harbor, Hawaii.

Msomaji aweza kusema kwamba sisi tunazo zenia zetu za asili, hivyo hatuna la kuhofia. Hoja hiyo haitoshi. Kiumbe wa tangi huweza kuwa wa spishi nyingine kabisa, tena huchukua pamoja naye vimelea na magonjwa. Zaidi ya hayo, miamba iliyojeruhiwa haina nguvu ya kushindana. Mahali palipopigwa baruti, chini hubaki kokoto zinazobingirika, na kinda la tumbawe gumu hushindwa kushika. Huko Komodo, Indonesia, watafiti walikuta matumbawe laini kama zenia yakizishika kokoto hizo, mahali ambapo matumbawe magumu hayakurudi. Mwamba wa aina hiyo huonekana hai, lakini haujengi tena ukuta wa kuzuia mawimbi, wala haumpi samaki pango la kujificha. Mvuvi huuona upungufu huo katika dema lake.

Kwa hiyo kanuni ni mbili. Kwanza, kiumbe wa tangi asirudishwe baharini; ziada hupewa mfugaji mwingine, au hukaushwa juani na kufukiwa mbali na maji. Pili, tumbawe lisivunjwe mwambani ili kujaza tangi. Matumbawe magumu yote yamo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ujulikanao kama CITES. Zenia haimo, lakini hapa Tanzania Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994 hulinda viumbe wote ndani ya mipaka ya hifadhi.

LINALOWEZEKANA SHULENI

Shule haihitaji tumbawe ili kufundisha haya. Ndoo ya lita 10, gramu 350 za chumvi ya kawaida na haidromita vyatosha kuonyesha uvukizi. Wekeni alama usawa wa maji, mpime kila siku mbili, mchore grafu. Shule za pwani zinaweza kushuka wakati wa bamvua pamoja na mwalimu na mvuvi aijuaye njia, zikatazama bila kukanyaga wala kugusa. Wanafunzi waliofika kisiwa cha Chumbe, Unguja, ambako mwamba umehifadhiwa tangu mwaka 1994, wameona jinsi mwamba uliotunzwa unavyofanana.

Mzee wa Ujerumani alikuwa na lita mia kadhaa za maji, naye alizipima kila asubuhi kabla ya kunywa kahawa. Sisi tumepewa bahari nzima, isiyotudai umeme wala pampu. Lakini joto lake, usafi wake na uzima wa mawe yake ni masharti yale yale, na anayeyavunja hawezi kulimwaga tangi hilo akaanza upya.

MASWALI NA MAZOEZI

1. Eleza kwa nini tumbawe laini hukua upesi kuliko tumbawe gumu katika tangi lile lile.

2. Tangi la lita 200 lina gramu 35 za chumvi kwa lita. Lita 25 zimevukiza. Tafuta kiasi cha chumvi kwa lita kabla ya kujazwa, na baada ya kujazwa kimakosa kwa lita 25 za maji ya chumvi ya kiwango cha awali.

3. Oksijeni ni hewa ya uhai. Kwa nini basi zenia hujitahidi kuiondoa mchana?

4. Chora mzunguko wa naitrojeni katika tangi, ukionyesha mahali penye oksijeni na mahali pasipo nayo.

5. Mwanafunzi mmoja amesema: "Mwamba wowote wenye matumbawe hai ni mwamba mzima." Jadilini kauli hiyo kwa kutumia mfano wa kokoto za Komodo.